TIRAMISU YA KIKOMBE: KITINDAMLO CHA KAHAWA BILA OVENI, NA HESABU YAKE YOTE

Tangu niweke zile picha za vikombe vya tabaka tabaka nimeulizwa sana: ile kitu ni nini, unaifanyaje bila oveni, na je, inalipa? Leo najibu yote matatu na hela naziweka wazi. Naona mapishi mtandaoni yamejaa lakini hesabu hakuna. Mtu ananunua vitu vya elfu hamsini, anapika, anapiga picha nzuri, watu wanasifia, halafu mwisho wa mwezi hajui mtaji umeenda wapi.

Mimi niko Omurushaka, Karagwe. Nina duka dogo la vyombo vya plastiki, vikombe vya kuuzia juisi, mifuko na vitu vya kuokea. Upishi sijasomea, na biashara vilevile. Niliishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kuangalia video na kurudia rudia jikoni hadi ikakaa.

Tiramisu ni chakula kitamu cha Waitaliano cha kula baada ya mlo. Ni biskuti zilizochovywa kwenye kahawa kali, juu yake krimu nzito, tena biskuti, tena krimu, mwisho unanyunyizia kakao. Haiokwi. Inakaa kwenye friji usiku mzima, ladha zinaingiana, asubuhi unakula kwa kijiko. Jina lenyewe maana yake ni kama "niinue" au "nipandishe juu", na ukishaonja ile kahawa na sukari unaelewa kwa nini.

Hiki siyo chakula cha kale kama watu wanavyodhani. Inayojulikana zaidi ni ile ya mgahawa wa Le Beccherie, mji wa Treviso, kaskazini mwa Italia, ambako iliingia kwenye menyu mwaka 1972. Mwenye mgahawa aliitwa Ado Campeol, na waliotengeneza ni mke wake Alba pamoja na mpishi Roberto Linguanotto. Inasimuliwa kwamba Alba alipojifungua, mama mkwe alikuwa anamletea krimu ya mayai na kahawa ili arudishe nguvu, na wazo likaanzia pale. Yaani mama mzazi analishwa, kama huku kwetu tu. Mkoa wa jirani nao unadai tiramisu ni yao na wamebishana mpaka leo. Kwetu sisi wauzaji lililo muhimu ni kwamba pale Le Beccherie hawakuwahi kuisajili kama mali yao. Kwa hiyo ukiuza tiramisu Omurushaka huibi cha mtu. Na ile ya mwanzo haikuwa na pombe, hilo liweke kichwani, nitalirudia.

Tuanze na kahawa maana ndiyo tunayo.

Kagera ndiko robusta nyingi ya Tanzania inakotoka. Wenzetu wa Kilimanjaro, Arusha na Mbeya wanalima zaidi arabika. Robusta ni chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Watu wanaidharau kwenye kikombe cha kunywa, lakini kwenye kitu chenye krimu na sukari huo uchungu ndiyo unaoutaka. Hata Waitaliano wenyewe wanachanganya robusta kwenye espresso zao. Ukitumia kahawa laini, krimu inaimeza na mteja anakuambia "sijaisikia kahawa".

Huna haja ya mashine. Kwa vikombe 10 chukua gramu 40 za kahawa ya kusaga (kama vijiko vikubwa saba hivi), maji mililita 400, chemsha kwenye sufuria dakika tatu, acha itulie, chuja kwa kitambaa safi. Utabaki na kama mililita 300. Kama hutaki usumbufu tumia Africafé inayotengenezwa na TANICA pale Bukoba, vijiko viwili vikubwa vilivyojaa kwenye maji ya moto mililita 300. Inatoka vizuri kabisa. Kwa vyovyote iache ipoe. Kahawa ya moto inaifanya biskuti kuwa uji kabla hujaitoa kwenye bakuli.

Sasa tatizo ni krimu. Mapishi ya mtandaoni yanasema "mascarpone gramu 400" kama vile unavuka barabara unaikuta kwa Mangi. Huku haipo. Lakini mascarpone siyo muujiza, ni krimu iliyogandishwa kwa asidi, na unaweza kuitengeneza. Chukua krimu nzito mililita 500. Soma kwenye boksi, mafuta yawe asilimia 35 au zaidi. Ile iliyoandikwa ya kupikia yenye mafuta kidogo haitaganda hata uiombee. Ipashe kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka ianze kutoa vipovu vidogo pembeni, usiiache itokote. Weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limao, endelea kukoroga dakika tano hivi, itakuwa nzito na kushika mgongo wa mwiko. Ipoe, imimine kwenye kitambaa kilichowekwa juu ya chujio, iache kwenye friji usiku kucha maji yadondoke. Asubuhi unapata gramu 350 hadi 400. Ndiyo hiyo.

Utaniuliza, si tuna ng'ombe hapa? Tunao. Lakini piga hesabu. Maziwa ya kawaida yana mafuta kama asilimia 4. Lita 10 zina mafuta kama gramu 400, ambayo ukiwa na mashine ya kutenganisha yanakupa karibu lita moja ya krimu. Kwa kuengua juu kwa mkono unapata pungufu ya hapo. Kama una soko la kuuza yale maziwa yaliyobaki, fanya. Mimi sina, kwa hiyo krimu ninaiagiza mjini inakuja na basi. Na hapo kuwa mkali. Kuna mzigo niliwahi kuupokea boksi zina joto kama chai kwa sababu uliwekwa karibu na injini, nikaukataa palepale. Anayekutumia mwambie aifunge kwenye deli lenye barafu, na mlipe baada ya kuipokea, siyo kabla.

Biskuti za Waitaliano ni ndefu kama vidole, nyepesi, zinanyonya kahawa haraka. Huku tumia Marie. Zipo kila duka na hazina ladha kali. Gramu 200 zinatosha vikombe 10. Wengine wanatumia keki laini wanazozikata vipande na kuzikausha siku moja, nayo inakubali, ila Marie inakupa kipimo kilekile kila siku, na kwenye biashara hiyo ina uzito wake.

Mayai. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mapishi ya asili yanatumia mayai mabichi. Mimi siuzi yai bichi. Mayai yanaweza kubeba bakteria wa salmonela, umeme wetu mnaujua, na ukimwumiza mteja mmoja mji wote unapata habari kabla ya jioni. Kwa hiyo viini tunavipika. Chukua viini vinne na sukari gramu 100, weka kwenye bakuli la chuma au la kioo kisichopasuka, likalishe juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji. Piga kwa mchapo bila kuacha, dakika nane hadi kumi, mpaka rangi iwe nyeupe nyeupe na mchanganyiko uwe mzito kiasi kwamba ukiuinua unadondoka kama utepe. Ukiacha kupiga yanakuwa mayai ya kukaanga, usije ukajibu simu.

Yakishapoa changanya na ile mascarpone. Pembeni piga krimu ya baridi mililita 250 mpaka isimame, kisha iingize humo kwa mwiko taratibu, unakunja kutoka chini kwenda juu. Usipige tena kwa nguvu maana hewa itatoka.

Kupanga ni kazi ya dakika chache. Chovya biskuti kwenye kahawa, hesabu moja, mbili, toa. Panga chini ya kikombe, weka krimu, biskuti tena, krimu tena. Funika, friji usiku kucha. Kakao nyunyizia asubuhi kabla ya kutoa, kwa sababu ikilala juu ya krimu inanyonya maji inakuwa matope. (Kakao nayo inalimwa nchini, kule Kyela, lakini ya unga inayotufikia dukani mara nyingi imetoka nje. Hayo tuyaache.)

Haya, hesabu. Hizi ni bei zangu mimi za hapa, wewe weka za kwako. Vikombe 10 vya mililita 200, nikivijaza kama mililita 150.

Krimu naipata elfu 20 kwa lita, nauli na barafu inanifikia kama elfu 22. Natumia mililita 750 jumla, yaani 500 za mascarpone na 250 za kupiga. Hiyo ni 16,500. Mayai manne kwa 400 ni 1,600. Sukari 300. Biskuti 2,000. Kahawa gramu 40 kwa bei ya elfu 20 kilo ni 800. Kakao 500. Limao 200. Vikombe na mifuniko kwa 250 ni 2,500. Vijiko vidogo 500. Mkaa 500, umeme nimeukadiria 500.

Jumla ni 25,900. Kikombe kimoja kinanigharimu 2,590 kabla sijajilipa mimi mwenyewe.

Angalia ile ya kahawa. Shilingi 800 kwa vikombe kumi, yaani shilingi 80 kila kikombe. Krimu peke yake ni 1,650. Kitu kinaitwa cha kahawa, tunakitengeneza kwenye nchi ya kahawa, na kahawa ni sehemu ndogo tu ya gharama. Nimeona watu wanaandika kwamba vitindamlo vya kahawa vitamkomboa mkulima wa Kagera. Jamani. Huku watu bado wanauza kahawa ikiwa maua, ile butura tunayoijua wote. Mtu anachukua hela ndogo leo kwa sababu mtoto anaumwa, mavuno yakija mzigo siyo wake tena. Butura imepigwa marufuku na bado ipo. Shilingi 80 kwenye kikombe changu haimwondoi mtu kwenye butura, na sitaiandika kwenye tangazo ili nipate huruma ya wateja. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba kahawa ni ya hapa. Hicho kinatosha, na kinauza.

Nauza 4,000. Faida ni 1,410 kwa kikombe, 14,100 kwa vikombe kumi. Inaonekana nzuri, si ndiyo? Sasa viwili vikose mtu. Umeuza nane, umepata 32,000, toa 25,900, unabaki na 6,100. Vikombe viwili tu vimekula zaidi ya nusu ya faida. Hiyo ndiyo hatari ya bidhaa yenye malighafi ya bei, na ndiyo sababu natengeneza ya aina ya pili.

Ya pili ni ya mtindi. Lita moja ya mtindi mzito wa hapa, elfu 2, naichuja kwenye kitambaa usiku kucha kwenye friji. Inabaki karibu nusu yake, nzito kama jibini laini. Hiyo inachukua nafasi ya mascarpone. Krimu inabaki ile mililita 250 ya kupiga, 5,500. Naongeza sukari gramu 50 kwa sababu mtindi una ukali, na limao sihitaji. Mengine yote yaleyale. Jumla inashuka hadi 16,850, kikombe kama 1,700. Nauza 3,000, faida 1,300.

Rudia kuisoma hiyo. Faida imepungua shilingi mia na kidogo, lakini hela niliyoiweka hatarini imepungua elfu tisa. Kwa mtu mwenye mtaji wa elfu 50, aina ya pili inamwacha apumue. Mimi ya mascarpone natengeneza kwa oda maalumu tu, harusi, sendi-ofu, mtu anayeijua na anaitaka yenyewe. Ya kila wiki ni ya mtindi.

Na siiti tiramisu. Naiita "kahawa ya kikombe", na kwenye stetasi naandika wazi: biskuti, kahawa ya Karagwe, mtindi uliochujwa, krimu, viini vilivyopikwa, kakao. Kuna wenzetu wanaweka mtindi wanaandika mascarpone. Aliyewahi kula hoteli kubwa Mwanza au Dar atajua kwa kijiko cha kwanza, na yeye ndiye mteja mwenye hela ya kurudi. Halafu jina la Kiswahili linafupisha maelezo. Ukimwambia mtu hapa "tiramisu" unaanza kufundisha. Ukimwambia "kahawa ya kikombe, unakula kwa kijiko", kichwani tayari anaiona. Huku watu wanatafuna kahawa tangu wako wadogo, mgeni akija anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Kula kahawa siyo jambo geni kwetu.

Pombe mimi siweki kabisa, na naiandika "haina pombe". Wateja Waislamu wanauliza, walokole wanauliza, na kama nilivyosema, hata ile ya Treviso haikuwa nayo. Andika pia kwamba ina kahawa kali. Mama mjamzito na mzazi anayetaka kumpa mtoto waamue wenyewe wakiwa wanajua.

Kuhusu kuuza: uza kwanza ndiyo utengeneze. Kwa bahati nzuri hiki kitu chenyewe kinalazimisha hivyo, kwa sababu lazima kilale usiku mmoja. Jumatano naposti, Alhamisi saa 12 jioni nafunga oda, Ijumaa usiku napanga vikombe, Jumamosi asubuhi vinatoka. Nusu ya hela inatangulia kwa simu. Asiyetanguliza simhesabu, hata awe rafiki, na rafiki ndiyo kabisa. Nikishajua oda ni 23 natengeneza 25, siyo 40.

Boda ni ya mteja. Kupeleka kikombe kimoja Kayanga kwa elfu moja yako kunakuachia shilingi 410 kwenye ile ya mascarpone, na 300 kwenye ya mtindi. Umefanya kazi siku mbili kwa shilingi 300. Kwa hiyo nasukuma oda za pamoja: walimu wa shule moja, manesi wa zamu moja, wafanyakazi wa ofisi moja. Kuanzia vikombe vitano nachangia nauli. Oda za upande wa Kyerwa, Nkwenda na kuendelea, napeleka kuanzia 15 tu, kwenye deli, na chupa za maji zilizogandishwa pembeni.

Ubaridi hauna mjadala. Nje ya friji isizidi saa mbili, na jua likiwa kali punguza. Kwenye friji nauza ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika usifungue friji kuchungulia, ikiwa imefungwa inashika baridi kama saa nne. Ikizidi hapo usiuze, na usimpe jirani bure ukadhani umeokoa. Inagandishika pia: vikombe bila kakao, friza, halafu siku moja kabla unavishusha kwenye friji viyeyuke taratibu. Hiyo ya mascarpone inavumilia kugandishwa vizuri kuliko ya mtindi, ambayo inatoa maji kidogo.

Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa awe amepima afya, kwa hiyo mwone bwana afya wa kata yako kabla hajaja yeye. Ukifika hatua ya kuweka nembo yako na kusambaza madukani, hapo ni mambo ya TBS, na njia rahisi kwa mdogo ni kuanzia SIDO, wapo Bukoba, wanakuelekeza.

Picha: kikombe cha kuona ndani, mwanga wa dirishani asubuhi, piga kwa ubavu tabaka zionekane. Bei iandike kwenye picha. "Njoo inboksi" inafukuza watu, mimi mwenyewe nikiiona napita.

Swali la mwisho ambalo karibu kila mtu ameniuliza: ute wa yale mayai manne unaenda wapi? Kuna mama chipsi hapa jirani na duka. Nampelekea Ijumaa jioni kwenye kopo lenye mfuniko, anachanganyia kwenye chipsi mayai siku hiyohiyo, na mimi nakula zangu bure.